Jina Kilifi, Uso Malindi

Bi Sumeiya wa Shela, Malindi, alikuwa akiyageuza mahamri ya mwisho kwenye karai, mbaazi zikichemka taratibu kando, alipomwita mjukuu wake aje anywe chai kabla haijapoa. Alifungua kinywa kusema Ubaid. Kilichotoka ni Obedi Soda.

Akasafisha koo, akaita tena. Obedi Soda. Aliyaepua mahamri yasije yakaungua, akayamwaga kwenye kung'uto lililotandikwa karatasi, akapunguza moto wa jiko, ndipo akageuka.

"Wewe," alisema, maana neno hilo lilikuwa bado lake. "Umelifanya nini jina la babu yako?"

Ubaid alikuwa ameketi kwenye mkeka akifunga kamba za viatu vya mpira. Alikuwa mshambuliaji wa timu ya mtaa, mrefu, mwenye mwanya, na kovu dogo juu ya jicho alilolipata kwa kujigonga kwenye mlingoti wa goli akiwa darasa la tano. Bi Sumeiya ndiye aliyemlea, na ndiye aliyempa jina hilo, la marehemu mumewe.

"Si mimi, Bibi. Ni mwenyekiti wa ligi, Kombe. Ameyauza majina yetu kwa watu wa gemu."

"Gemu ya nini?"

"Ya mpira, kwenye simu. Timu zote za huku kwetu zimo. Unatuchezesha kwa kidole gumba."

"Na wewe ukaridhia uchezeshwe kwa kidole gumba?"

"Tuliambiwa tupange foleni tupigwe picha. Tukadhani ni za vitambulisho."

Bi Sumeiya akamwekea mbaazi. Alipenda kumkasirikia mtu aliyeshiba.

Mambo yalikuwa hivi. Kulikuwa na kampuni mbili za kutengeneza gemu za mpira. Moja ikiitwa Goli Safi, yenye ofisi Bofa, Kilifi, karibu na mahoteli. Ya pili ikiitwa Dimba Kali, iliyokuwa Malindi mjini, juu ya duka la magodoro. Zilichukiana kama wake wenza waliopangiwa jiko moja. Kila moja iliitaka ligi ya pwani iwe yake peke yake, na kila moja ilikuwa ikimwendea Kombe kwa mlango wa nyuma. Kombe akawaridhisha wote. Goli Safi akawauzia majina ya wachezaji. Dimba Kali akawauzia nyuso. Kila upande akaunong'oneza kwamba umepata kilicho bora.

Kwa hiyo katika gemu ya Goli Safi wachezaji waliitwa majina yao sawasawa, lakini uso walikuwa nao mmoja wote, laini, kama donge la unga lililokandwa likaachwa liumuke. Katika gemu ya Dimba Kali nyuso zilikuwa za kweli hadi kwenye makovu, ila majina yalibuniwa na mashine. Golikipa Menza wa Kakuyuni alikuwa Manza Sofa. Ubaid alikuwa Obedi Soda. Kwenye vibanda vya gemu vijana walitukanana mchana kutwa. "Timu yenu ni trei ya mayai yaliyomenywa!" Na wenzao wakijibu, "Yenu ni ya majina ya dukani! Mwite Sofa tumkalie!"

Mikataba ilipoanza kufanya kazi, ilifanya kazi hata nje ya simu, kila kampuni ikitawala mji wake.

Ubaid akiwa Malindi alikuwa na uso wake, mwanya na kovu, lakini jina lake halikutamkika kinywani mwa mtu yeyote. Akienda Kilifi, gari likishapita Matsangoni, jina lilirudi na uso ukaondoka. Matsangoni penyewe alikosa vyote viwili, na kondakta akamtoza nauli ya mzigo. Watu walizoea. Wenye duka walimpa bidhaa kwa kuutazama uso akiwa Malindi na kwa kulisikia jina akiwa Kilifi.

Aliyepata tabu zaidi ni Bi Sumeiya. Mkataba haukutofautisha Ubaid aliye hai na Ubaid aliye kaburini. Kila alfajiri baada ya sala aliinua mikono kumwombea mumewe, na kila alfajiri ulimi ulimwombea Obedi Soda. Alijisemea kwamba kama yuko maiti wa jina hilo popote pale, basi amepata bahati kubwa asiyoistahili.

Na harusi ilikuwa imekaribia. Ubaid alimchumbia Fahima, binti wa Mzee Umair fundi seremala, na pilau lilikwisha kuagizwa. Bi Sumeiya alitaka jambo moja tu kabla hajafa: kumsikia shehe akisema mbele ya watu kwamba Ubaid anaoa. Wakafikiria kufungia ndoa Kilifi. Mzee Umair akakataa.

"Simwozi mwanangu donge la unga," alisema. "Kesho likija donge jingine nitajuaje?"

Bi Sumeiya akavaa buibui, akaenda Bofa mwenyewe. Msimamizi wa Goli Safi alikuwa mwanamke kijana aitwaye Pamela, aliyemwamkia vizuri na kumletea kiti.

"Shikamoo, Bi Sumeiya."

"Marahaba. Nimekuja kuazima jina. La mchana mmoja, Malindi. Nitalirudisha."

"Haiwezekani, Bibi. Malindi wenzetu wana uso wake. Jina letu likikaa na uso wao hata dakika moja, watasema wana mchezaji kamili."

"Jina lenu? Mwanangu, hilo jina nimelala nalo kitanda kimoja tangu sijaota jino la mwisho. Lilikuwa likikoroma."

"Nakuelewa, Bibi. Lakini mkataba hauna kipengele cha waliolala nalo."

Siku ya harusi Pamela alikuja Malindi kuhakikisha kwamba jina halisemwi. Mwambire, msimamizi wa Dimba Kali, alipopata habari hizo naye akaja kuhakikisha kwamba uso haufunikwi. Kombe alikuja kwa sababu alialikwa, na kwa sababu ya pilau. Watatu hao waliketi uani kwa Mzee Umair pamoja na wageni wengine, Pamela kwenye kiti cha pembeni, Mwambire akimgeuzia mgongo. Bwana harusi alikuwa mbele ya shehe, kanzu nyeupe, kovu lake mahali pake.

Shehe alisimama na mashahidi kwenye mlango wa chumba cha bibi harusi, mbele ya pazia.

"Fahima binti Umair, unamridhia Obedi Soda akuoe?"

"Simridhii," ilisema sauti kutoka ndani.

"Mwanangu, sema vizuri."

"Nasema vizuri, shehe. Jina hilo silo. Hata mimi nikilisema linatoka hivyo hivyo, lakini silo. Sitaolewa na jina la dukani."

Shehe alikuwa mtu wa haki. Akarudi kwenye mkeka, akaketi. "Binti hajaridhia," alisema.

Bi Sumeiya akatoka kwenye kundi la wanawake, akamsimamia Pamela kichwani. "Toa jina."

"Na afunike uso kwanza."

Mwambire akageuka. "Uso wangu haufunikwi ndani ya Malindi!"

"Uso wako? Hebu tukuone una kovu wewe!"

"Mwizi wa ligi mkubwa!"

"Nani mwizi? Nyinyi mliomwita golikipa Sofa mna haya ya kusema?"

"Na nyinyi mliowapa watu wote sura moja, sura yenyewe ya shemeji wa mkurugenzi!"

Shehe akawaomba wasitukanane kwenye mkeka aliosomea Fatiha. Wakasogea, wakaendelea pembeni ya mkeka.

Sasa Ubaid akakohoa. Alikuwa na sauti ya kukwaruza, iliyopasuka utotoni kwa kupiga kelele uwanjani na haikupona.

"Fahima," alisema, "ni mimi. Miguu imeshakufa ganzi."

Nyuma ya pazia wanawake walio ndani wakasikika wakicheka.

"Huyo," Fahima alisema. "Huyo aliyesema sasa hivi, nimemridhia."

Shehe akawauliza mashahidi kama wanamjua mwenye sauti hiyo. Walimjua, na shahidi mmoja alisema hata angetaka kuisahau asingeweza. Basi Mzee Umair akamwoza binti yake kwa mwenye sauti hiyo, na mwenye sauti hiyo akakubali, na ndoa ikawa ndoa. Bi Sumeiya hakulisikia jina alilokuja kulisikia. Alifuta macho kwa pembe ya mtandio, akaamuru masinia ya pilau yatolewe.

Kwa mara ya kwanza Pamela na Mwambire walitazamana bila matusi, kisha wote wawili wakamtazama Kombe, ambaye mkono wake ulikuwa umeshazama kwenye sinia.

"Mwenyekiti," alisema Pamela, "sauti ya yule kijana ina mwenyewe?"

"Haijauzwa," alijibu Mwambire, ambaye hakuulizwa. Alikuwa ameshachuchumaa kando ya sinia.

Kombe akatafuna, akameza. "Yake peke yake, au ya timu nzima?"

"Yake kwanza," walisema pamoja.

"Kombe," Bi Sumeiya aliita. "Wewe huna mama?"

"Ninaye, Bibi."

"Basi mwogope Mungu."

"Namwogopa sana," alisema Kombe, akaomba maji ya kunawa.

Bi Sumeiya alimwona Mwambire akitaja kiasi, na Pamela akitaja kingine. Hakungoja. Alimshika mjukuu wake mkono wa kanzu, akamvuta hadi mlangoni.

"Ingia kwa mkeo," alimwambia. "Usimpe mkono tu ukakaa kama mgeni. Sema naye. Yote uliyotaka kumwambia mpaka uzeeni, yaseme sasa, na usiyavute maneno."

Ubaid akaingia. Walio karibu na pazia walimsikia akikwaruza mbio mbio, kama mtu anayesoma tangazo gari likiondoka. Alimwambia Fahima kwamba kile chumba cha nyuma atakipiga lipu yeye mwenyewe. Alimwambia kwamba Mzee Umair anamtisha. Kwamba siku ile ya mechi ya Dabaso alikosa penalti kwa sababu alimwona yeye amesimama nyuma ya goli, na hakuwahi kumwambia mtu. Kwamba akizeeka asimfokee kwa kukoroma, ni jambo la ukoo. Kwamba wakijaaliwa mtoto wa kiume, watamwita —

Uani, Kombe alitia sahihi karatasi ya Pamela, akairudisha kalamu mfukoni. Mwambire akaondoka bila kunawa mikono. Pamela akaikunja karatasi mara mbili, akaja kumuaga Bi Sumeiya kwa adabu.

"Mtamsikia vizuri sana akija Kilifi, Bibi," alisema.

Huko ndani kulikuwa kimya, na wanawake, kwa kuwa bwana harusi alikuwa ameshaingia, wakapiga vigelegele. Bi Sumeiya alipiga chake, kirefu kuliko vyote. Kisha akauliza ni nani ambaye bado hajapata kachumbari.