Robo ya Mzunguko

Namba ya kipimo ilikuwa imehama, na aliyeihamisha ni Fundi Barafu. Mwenyewe hakujua mpaka Jumanne, siku tatu kabla ya siku ambayo daktari wao wa fizikia angesimama mbele ya wakubwa kuwaambia ameona kani mpya ya asili.

Mashine yao ilipoza atomi za metali ya rubidi kwa leza mpaka zikawa wingu moja tulivu, linalokwenda kama wimbi. Wingu likagawanywa, kila nusu ikapita njia yake, kisha zikakutanishwa. Zikikutana hutoa mistari, mweusi, mweupe, mweusi. Mistari ikisogea hata unywele, ujue kuna kitu kimezigusa njiani.

Fundi alikuwa akifuta vioo.

"Imesogea tangu tarehe nne mwezi wa juzi," daktari alisema. "Na siku hiyo hakuna aliyegusa kitu!"

Kitambaa kikasimama mkononi mwa fundi. Siku hiyo picha ya wingu ilikuwa hafifu, akafungua koki ya kijitanuri cha rubidi robo ya mzunguko, atomi ziongezeke. Daftarini hakuandika. Nani huandika chumvi aliyoongeza mchuzini?

Angeweza kufyata ulimi. Akakohoa.

"Dada, hizi atomi huwa zinagombana?"

"Zina baridi kuliko moyo wa mama mkwe wangu. Zigombane vipi?"

"Zikijaa, nauliza. Mimi niliziongeza. Tarehe nne."

Daktari akageuza kiti. "Kiasi gani?"

"Karibu mara mbili."

"Na ukanyamaza."

"Nilijua nakusaidia."

"Barafu, zikibanana zinasukumana! Na wingu langu haligawanyiki sawasawa. Upande wenye nyingi, wimbi lake linakwenda mbio zaidi, mistari inasogea. Rudisha ulivyokuta."

Akarudisha. Kufika mchana mistari ilikuwa imerudi ilikokuwa. Daktari hakufurahi.

"Punguza tena, nusu yake."

Ikasogea tena, ikapitiliza hata ilikokuwa mwanzo. Maana yake hata vipimo vya mwanzo vilikuwa na msukumano ndani yake.

"Kani yangu ndiyo hiyo," daktari alisema. "Foleni ya atomi tu."

Fundi akarudi kwenye vioo vyake.

Siku sitini na moja za vipimo zilifutwa, maana idadi ya atomi haikuandikwa. Siku mia na kumi na mbili za nyuma zilikokotolewa upya. Hotuba ya Ijumaa haikufanyika. Fundi alipata barua moja ya onyo, akabaki kazini. Mkataba wa daktari uliisha mwisho wa mwezi, haukuongezwa.