Viatu Chini ya Ukuta wa Pamba

Kidole gumba cha mguu wangu wa kulia kilikuwa kimejipenyeza chini ya ukanda wa chuma wa robota la saba la pamba, na chini yangu Hamuza aliushika unyayo wangu kama mtu ashikaye yai. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na sita. Sikuwahi kupanda hata mpera, kwa kuwa kwetu msichana aliyepanda alichapwa, na aliyeanguka alichapwa mara mbili.

"Mwalimu, usiangalie chini," alisema. "Mguu ndio inapanda. Mkono inashika tu."

Kwa mara ya kwanza maishani sikumsahihisha mtu.

Ulikuwa mwaka 1977. Siku mbili kabla ya siku hiyo niliagizwa kuwatoa wanafunzi wa darasa la saba katika mtihani wao, wakajipange kando ya barabara ya Tororo na kumshangilia mkubwa mmoja wa jeshi. Nilijibu kwa barua, kwa mwandiko wangu bora, kwamba mtihani hauahirishwi kwa ajili ya vigelegele. Wakati ule jeshi ndilo lililotawala, na watu walikuwa wamepotea kwa maneno machache kuliko hayo. Gari la jeshi lilipoingia langoni mwa shule, nilitorokea nyuma ya jikoni, nikakatiza shamba la mihogo hadi kiwanda cha kuchambua pamba, ambako Hamuza alikuwa msimamizi wa mahamali. Nilikuwa nimewafundisha watoto wake. Hakuniuliza swali hata moja.

Marobota ya msimu uliopita yalikuwa bado ghalani kwa kukosa malori, yamepangwa hadi karibu na mabati. Akanitia mikononi kulabu mbili ambazo mahamali hupandia. Kanuni yao ni hii: kulabu moja haing'olewi kabla ya nyingine kuuma gunia, na uzito huachiwa miguu. Yeye, mzee kama mimi, alinifuata kwa vidole vitupu, akinipangia nyayo ukanda kwa ukanda. Nimekaguliwa na wakaguzi wengi wa elimu, wenye shahada na miwani; sijamwona mwalimu aliyemzidi. Hakuniambia niharakishe, ingawa sote wawili tulilisikia gari.

Nilipojilaza kileleni, alizichukua kulabu zake, akashuka. Hapo ndipo nilipokumbuka viatu.

Kabla ya kupanda nilikuwa nimevivua na kuvipanga sambamba, kama nilivyofunzwa kufanya mlangoni pa watu. Vilikuwa vyeusi, vya ngozi, vyenye bizimu, vimesimama pale chini kama watoto wawili wanaomngoja mama yao.

Askari waliingia ghalani, na mmoja wao aliuliza ni vya nani.

Fauziya, mke wa Hamuza, alikuwa ameketi akishona magunia yaliyopasuka. Aliukata uzi kwa meno kwanza.

"Yangu, afande."

"Vaa."

Nilimwona kupitia mwanya wa marobota. Alikuwa na nyayo pana za mwanamke aliyelima peku maisha yake yote. Alizisukuma humo, ngozi ikalia. Akaamriwa atembee hadi mlangoni na kurudi. Alitembea, uso mkavu, kichwa juu, bila kuchechemea.

"Hii kiatu inakukataa, mama."

"Bwana yangu alipima mguu siku ya kuniposa, afande. Leo niko na watoto saba, na yeye bado ananunua ya msichana."

Askari walicheka. Hamuza naye alicheka, kama mume aliyeumbuliwa. Vumbi la pamba lilinijaa puani; niliuma pindo la gauni nisipige chafya. Fauziya hakuvivua hadi mngurumo wa gari ulipopotea. Visigino vyake vilikuwa vikitoka damu.

Kesho yake nilivushwa kwa njia za mashamba hadi Busia, upande wa Kenya. Nilikwenda peku. Viatu vilibaki miguuni mwa Fauziya, kwa kuwa ilimpasa aendelee kuonekana navyo, na aliendelea kuonekana navyo mwaka mzima.

Kisha siku moja ya soko alinijia Busia, ambako nilikuwa nimepata kazi ya kufundisha, na kifurushi cha gazeti.

"Mwalimu, nimeleta viatu yako. Imepanuka. Unisamehe."

Nilivivaa mbele yake, nikamwambia kwamba vilinitosha barabara. Jumatatu nilijaza pamba kwenye ncha zake, nikaenda darasani.