Bango la Mwalimu Jairo

Karatasi za manila na kalamu za rangi tulizoletewa na wafadhili zilisaidia somo la Kiingereza, nani atabisha? Mwalimu Jairo alizitumia kutengeneza bango la kuvaa shingoni, lililosema kwa Kiingereza kwamba mvaaji ni punda. Ukiongea lugha nyingine darasani, unavikwa.

Mjomba wa mwenzetu Atupele alipokuja darasani kumwambia kwamba mama yake amefariki, Atupele alilia kwa Kinyakyusa. Jairo akamvika.

"Hapa hata kulia tunalia kwa Kiingereza."

Mjomba hajui Kiingereza. Aliona herufi nzuri akadhani ni tuzo, na Atupele hakuwa na nguvu ya kumweleza.

Kesho yake Jairo alikuja kuzika. Bango alilikuta juu ya jeneza.

"Mama yake angefurahi," mjomba akasema, akimshika mkono. "Asante, mwalimu."