Kanga ya Kudai

Kidawa wa Unguja, muuza vitambaa wa Yeoville, mtaa wa wahamiaji katika jiji la machimbo ya dhahabu, aliona haya kumdai Arlène kwa mdomo. Fundi huyo wa Bukavu alichukua vitambaa kwa mkopo, kisha cherehani zake zikaporwa kwenye fujo za kuwafukuza wageni. Basi kila jioni Kidawa alijifunga kanga iliyoandikwa "Dawa ya deni kulipa", akapita mlangoni kwa Arlène taratibu kama anayeelea, vumbi la machimbo likimeta dhahabu nyuma yake. Arlène alimpungia mkono tu.

Leo Kidawa alipasuka: "We Arlène, kanga yangu huisomi?"

"Kusoma? Mie naangaliaga maua yake tu." Arlène akavuta kopo chini ya meza. "Feza yako iko hapa tangu Noeli, mama. Nilikuona unapita bila kusema, nikajua hauna haraka."