Bunduki Iliyokataa Kulia Alfajiri

Bunduki yangu ya mtutu mmoja niliinunua kwa mkwe wangu, baba wa mke wa mwanangu wa pili, askari mstaafu wa wanyamapori. Kibali nilikuwa nacho, na sababu pia: nguruwe mwitu walikuwa wanavuna mahindi yangu kabla yangu. Lakini bunduki ikaanza kuniaibisha. Navuta kifyatulio, nasikia "ka", basi. Siku moja nguruwe aliinua kichwa akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyekosa jibu, kisha akaendelea kula.

Nilimwambia mkwe wangu mbele ya watu kwamba ameniuzia bomba la maji. Tangu siku hiyo hakukanyaga kwangu, na binti yake akabaki kati yetu kama punje kati ya mawe mawili. Nami nilikuwa nimeapa: fundi akisema ubovu ulikuwamo tangu nilipouziwa, bunduki nairudisha na nyumba ile siingii tena.

Mkamwana aliposikia nakwenda kwa fundi, alivaa viatu.

"Tunakwenda wote, baba," alisema. "Nataka nisikie mwenyewe."

Fundi alikuwa mwanamke wa makamo aliyeitwa Bi Taratibu. Chumba chake kilijaa vyerehani, makufuli na mizani, na ukutani ilining'inia leseni ya kutengeneza silaha ndani ya fremu ya kioo. Nilitegemea kumkuta mwanamume, na nadhani uso wangu ulinisema.

"Karibu, mzee. Unamtafuta fundi au unamtafuta mume wangu? Mume wangu anauza viatu."

Aliipokea bunduki akiielekeza kwenye pipa la mchanga pembeni, akaikunja, akachungulia mtutuni, akatia kidole pale risasi inapokaa. Kisha akanipa na mimi nichungulie. "Macho mawili hudanganyika," alisema. "Manne hudanganyika kidogo." Ndipo alipoiandika namba yake kwenye daftari.

Nikatoa kopo langu. Hapa nitajisifu kidogo. Kusoma nilijifunza ukubwani, katika darasa la jioni, baada ya kutwa nzima kwenye mashine ya kusaga nafaka. Mwalimu wetu alikuwa akisema kisichoandikwa kimeshapotea. Kwa hiyo kila risasi, iliyokataa na ganda la iliyolia, niliihifadhi humo na kuifunga kikaratasi chenye tarehe na saa.

Bi Taratibu alifungua kopo, akageuzageuza kikaratasi cha juu.

"Mzee, nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa. Watu huniletea hasira. Hakuna aliyewahi kuniletea ushahidi."

Nilijiweka sawa kwenye kigoda. Mkamwana aliangalia dirishani.

Fundi alipima ukali wa springi ya nyundo. Nzima. Akapima pini, kile kijiti cha chuma ambacho nyundo hukisukuma kiigonge risasi kitakoni. Haikulika, haikupinda. Nikaona mkamwana anashusha pumzi, nami nikajisikia vibaya, maana nilikuwa natamani kitu kivunjike.

Kisha fundi alizipanga risasi mezani safu mbili, akachukua kioo cha kukuzia. Zilizolia zilikuwa na kishimo kirefu katikati. Zilizokataa zilikuwa na alama ndogo tu, kama mtu aliyebisha hodi akakimbia. Alisoma vikaratasi kimoja kimoja kwa sauti ya chini. Zilizokataa: saa kumi na moja alfajiri, saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi na moja na nusu. Zilizolia: saa nane mchana, saa tisa, saa tisa na robo.

Nilivipanga vikaratasi vile kwa mkono wangu miezi miwili. Niliandika vyote, sikusoma hata kimoja.

"Kwenu asubuhi kuna baridi?" aliuliza.

"Baridi ya kutosha. Mvuke unatoka mdomoni."

"Basi bunduki yako si mbovu. Inaamka kwa shida."

Aliitoa pini kwenye tundu lake. Ilitoka polepole, imevaa grisi nzito kama mguu uliotoka matopeni.

"Nani aliweka hii?"

Nami nilikwenda darasa la jioni, nikasoma vitabu, nikawaonya wanangu wasiseme uongo. Nikajibu: "Huenda aliyeniuzia."

Mkamwana aligeuka kutoka dirishani, akanitazama.

Bi Taratibu alisugua ile grisi kati ya vidole viwili, akainusa. "Ina unga," alisema. "Aliyekuuzia alikuwa anasaga?"

Nilikodolea macho vyerehani. Kimoja kilikuwa na uzi mwekundu, naukumbuka mpaka leo.

"Hapana," nilisema. "Anayesaga ni mimi. Nimetunza beringi za mashine, zile pete za gololi, miaka thelathini na moja, na pasipo grisi hakuna unga. Bunduki niliijaza grisi wiki ile ile niliyoinunua, nikaendelea kila Jumapili. Nilidhani naipenda."

"Uliipenda," alisema fundi, bila kunicheka. "Ila beringi inazunguka kutwa nzima, inajipasha moto yenyewe. Pini inaruka mara moja, imelala baridi usiku kucha. Grisi ikiganda, inaishika mkono."

Hakutaka nimwamini kwa maneno tu. Alichota grisi ile kwa kijiko, akaipeleka kwenye friji ya muuza soda wa jirani. Iliporudi ilikuwa imeganda kama mshumaa. Akaosha tundu na pini kwa mafuta ya taa, akakausha, akapaka mafuta mepesi kwa ncha ya kitambaa, kiasi ambacho mimi ningekiita uchoyo. Halafu pini ikarudishwa mahali pake, na bunduki yenyewe, tupu, ikalazwa kwenye friji ile ile.

"Miaka yote nauza baridi," muuza soda alilalamika. "Leo ndiyo kwanza naikodisha kwa bunduki."

Ilipotoka ilikuwa inatoka jasho. Fundi alitia ganda lisilo na baruti wala marisau, vile vipira vya risasi, lenye fataki tu ya kitakoni inayolipuka ikigongwa, akaelekeza kwenye pipa la mchanga, akavuta. Pah. Akarudia mara tano. Mara tano ililia. Kila ganda alinikabidhi, nami nikaona kishimo kirefu, katikati kabisa, kana kwamba kimepimwa kwa bikari. Nimefanya kazi na mafundi maisha yangu yote. Wengi hufungua kwanza, hufikiri baadaye. Huyu alifikiri mpaka chuma chenyewe kikaungama, na mimi nikaungama pamoja nacho.

Tulipotoka, mkamwana alishika njia ya kwetu.

"Siyo huko," nilimwambia. "Tupitie kwa baba yako."

Mkwe wangu alikuwa kibarazani anashona mkanda. Aliiona bunduki kwanza, kisha mimi.

"Bomba la maji limekuja kurudishwa?"

"Limekuja kuomba radhi, mkwe. Bunduki ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyeiziba kwa grisi ya mashine."

Aliweka mkanda chini. Aliipokea, akaikunja, akachungulia, akatia kidole, vile vile kama Bi Taratibu.

"Kwani ulitaka ipige nguruwe au isage mahindi?"

Mkamwana wangu alicheka mpaka akaketi chini kizingitini. Ilikuwa miezi miwili sijamsikia akicheka.

"Mwanangu," mkwe wangu alimwambia, "mletee baba yako kiti."