Mlinzi wa Nyumba ya Maji

Kijana aliposhuka kwenye lori la wakimbizi waliorudi na kusema yeye ni Shafii, mama alimkumbatia kabla hajamaliza kutaja jina. Mimi nilibaki nimesimama na mfuko wa mkaa mkononi. Ndugu yangu Shafii tulimpoteza mwaka wa tisini na sita, akiwa mtoto wa miaka kumi, na huyu aliyekuwa mbele yetu alikuwa mrefu, ana ndevu changa, na macho yake hayakutulia kwa mtu yeyote. Aliweza kuwa yeye. Aliweza pia kuwa mtoto wa mwingine. Mama hakuwa na shaka hata chembe, na niliona vibaya kubaki na shaka peke yangu, lakini ndivyo nilivyo. Hata samaki nikimnunua kwa mtu ninayemjua, lazima nimfunue mashavu.

Shafii alikuwa amekwenda Kabonga, karibu na mpaka, kukaa kidogo kwa shangazi yetu Mariyamu wakati shule zimefungwa. Vita vikafika huko kabla ya likizo kwisha. Watu wakaingia kwenye mitumbwi na kukimbilia Tanzania, shangazi na Shafii wakiwa kati yao, na tangu siku ile hatukupata habari yoyote. Baba alitafuta mpaka maradhi yakamlaza, akafa akiwa bado anauliza. Majirani walimshauri mama amsomee mtoto hitima. Mama alikataa katakata. Alisema mtu aliye hai hasomewi, na aliyechoka kungoja arudi nyumbani kwake.

Hilo ndilo lililokuwa likinikosesha usingizi kijana huyu alipokuja. Kama ni Shafii, tumshukuru Mungu, basi. Kama siye, maana yake Shafii yuko mahali fulani ardhini, hajasomewa hata Yasini moja na watu wake, na sisi tunampakulia wali mtu mwingine kwenye sahani yake. Nisingeweza kuishi na hilo.

Tatizo ni kwamba alijua mengi. Alijua baba yetu Hassani alikuwa fundi wa jenereta. Alijua mlango wa nyuma haufungiki mpaka uuinue. Kisha siku moja tukila, aliniuliza kwa sauti ya chini kama bado naikumbuka Nyumba ya Maji. Nilirudisha tonge sahanini. Mama aliangua kicheko, akaniuliza sasa nataka ushahidi gani tena, niletewe malaika?

Nyumba ya Maji ulikuwa mchezo wa kompyuta. Kabla mambo hayajaharibika kabisa, baba alikuwa akiangalia jenereta katika ofisi ya mradi mmoja wa mawese hapa Rumonge, na Jumamosi, wakubwa wakishaondoka, alituruhusu mimi na Shafii tukae mbele ya kompyuta ya mzungu mmoja wa kilimo. Mzungu alikuwa ameacha mchezo kwenye disketi. Jina lake la Kifaransa lilikuwa refu, sisi tukaupa la kwetu. Haukuwa mchezo wa kupiga na kurusha. Ulikuwa maandishi ya kijani kwenye kioo cheusi: uko mbele ya jumba la mawe, ziwa linafurika, unafanya nini? Unaandika amri kwa Kifaransa, chukua taa, shuka ngazi, nayo inakuambia kilichotokea. Mimi nilikuwa sekondari, Kifaransa nilikisoma. Shafii ndiye aliyechapa, kwa vidole viwili vyepesi, na mtu asingethubutu kumgusia klavye yake, ule ubao wa herufi.

Baba alitunakilia mchezo kwenye disketi nyingine tukaiweka nyumbani kwenye kopo la maziwa ya unga. Kopo hilo lilikimbia nasi kila tulipokimbia. Nilipokuwa mtu mzima na kufungua sekretaria yangu karibu na soko, nachapia watu barua na kutoa fotokopi, nilikuwa na kompyuta mpya yenye rangi zote, lakini disketi sikuwahi kuitia. Sikuwa na moyo. Sasa nikaitia, ili nione huyu kijana atakaa vipi mbele yake.

Mchezo ulifunguka, na ukawa hauchezeki. Katika mchezo ule maji hupanda yenyewe wakati wewe unachapa, na waliouandika walipima kupanda kwake kwa mwendo wa mashine za zamani. Kwenye kompyuta yangu, kabla sijamaliza kuandika neno la kwanza, jumba zima lilikuwa limezama na mimi nimeshakufa. Nikajaribu tena, nikafa tena. Nilicheka peke yangu dukani, kisha nikakasirika.

Barabara ya Bujumbura ilipofunguliwa, nilipanda gari lililosindikizwa na wanajeshi, nikaenda kununua wino na kumtafuta Casimir, fundi wa kompyuta niliyemfahamu. Nilimweleza shida yangu. Akasema watu wote humjia wakitaka mashine zao ziende mbio, mimi ndiye wa kwanza kutaka yangu itembee. Hata hivyo alikuwa na kiprogramu kidogo ambacho kazi yake ni kuishughulisha kompyuta na mahesabu yasiyo na maana mpaka ichoke. Nchi ina njaa, mabasi yanachomwa, na mimi nimekwenda mpaka Bujumbura kuomba uvivu. Nilirudi nao kwenye disketi.

Ijumaa moja baada ya sala, umeme ukiwa umerudi, nilifunga mlango wa duka nikamkalisha kijana kwenye kiti. Maandishi yalitoka taratibu, ya kijani, kama zamani. Nilihisi harufu ya mafuta ya jenereta ya baba, ingawa hapakuwa na jenereta.

Alinyoosha kidole, kikabaki hewani. Hakujua herufi ziko wapi. Nilijiambia miaka yote ile ya kambini haikuwa na klavye, hata mimi ningesahau. Nilijiambia hivyo kwa sababu njia aliijua. Hakuwa anasoma Kifaransa, lakini alinitajia kila kitu kabla hakijatokea: sasa tunachukua taa, sasa tunashuka, upande wa kulia kuna pipa la chumvi, tusiliguse, mbele kuna daraja bovu, tupite kwa kushoto. Nilimsomea herufi naye akazitafuta moja moja, maji yakatungoja kwa uvivu ule wa Casimir, na kila alichosema kilikuwa sawa. Moyo wangu uliyeyuka. Nilianza kuona nywele za Shafii kichwani mwake, masikio ya Shafii. Nilikuwa karibu kuinuka nimwite mama.

Tukafika langoni. Hapo kuna mlinzi, mzee wa ndevu, ameketi mbele ya lango, na maji yameshafika magotini.

“Sasa tumusalimie,” akasema.

Nilicheka huku machozi yananitoka, maana huyo alikuwa Shafii mtupu. Baba alitulea hivyo, na sidhani kuna mtoto wa Rumonge aliyelelewa vingine: mzee humuombi kitu wala humuamuru kabla ya kumsalimu. Mchezo wenyewe ulitaka uandike tu fungua lango. Shafii hakukubali. Aliandika kwanza amahoro, salamu yetu ya Kirundi, na kompyuta ikamjibu kwa Kifaransa kwamba haielewi, na wakati huo maji yakatufika kichwani. Kila Jumamosi tulizama pale. Nilimsihi aache salamu, alinijibu kwamba huyo ni muzee, na tukazama tena na adabu zetu. Upande wa pili wa lango hatukuwahi kuuona.

Kijana akachapa amahoro, herufi kwa herufi. Kisha akaondoa mikono kwenye klavye, akaiweka mapajani, akatulia. Alikuwa anangoja.

Jibu lilitokea. Aliniuliza mzee amesema nini, nikamwambia amesema haelewi.

“Hapana, dada,” akasema. “Ye huitika. Anauliza habari ya nyumbani, habari ya mama, habari ya ziwa. Mukimaliza, anafungua.”

Maji yalifunika taa na kioo kikawa cheusi. Yeye bado alikitazama, amekunja uso, kama mtu aliyepiga hodi nyumba anayoijua akafunguliwa na mgeni. Nami nikajua. Mtu aliyezama pale mara nyingi namna ile asingekaa kungoja kuitikiwa. Huyu hakuwahi kuuona mchezo huu katika maisha yake.

Nilimuuliza yeye ni nani. Sikuuliza kwa upole.

“Naitwa Maneno,” akasema.

Nilimtukana. Nilimwita mwizi, nikamwambia amekula chakula cha maiti, nikamwambia mengine ambayo kama mama angeyasikia angenipiga nikiwa mtu mzima hivi. Hakujitetea. Alingoja nimalize, kisha akaniambia yote, akitazama klavye.

Shangazi Mariyamu alikufa mara tu walipofika kambini, upande wa Kasulu. Shafii akawekwa kwenye hema moja na Maneno, naye yatima wa umri uleule, ambaye hakumjua mtu wala kilima alichotoka, maana kwetu kilima ndicho kijiji. Jioni, wakingoja uji, Shafii alimsimulia Nyumba ya Maji. Maneno hakuwahi kuona kompyuta. Alidhani ni hadithi ya nyumba unayoingia kwa kusema, na kwa kweli hivyo ndivyo ilivyokuwa. Walikwenda pamoja, chumba kwa chumba, mpaka akaijua kuliko kambi yenyewe. Mvua za mwaka wa pili zilileta kipindupindu. Shafii hakumaliza wiki.

Maneno akakulia humo. Siku ya kurudishwa aliulizwa anarudi kwa nani, na nyumba pekee aliyoijua duniani ilikuwa yetu. Alitaja jina la Shafii ili apande lori. Alikusudia kutuambia mlangoni, lakini mama alishamkumbatia, na yeye hakuwahi kukumbatiwa hivyo tangu apate akili. Kila siku alisema atatuambia kesho.

Nilikuwa nalia, na kulia kwenyewe kulikuwa kwa aina mbili. Ndugu yangu alikuwa amekufa, ndiyo, lakini pia alikuwa ameishi. Miaka yote nilimuona akizama ziwani, na kumbe alifika ng'ambo, akapata rafiki, akacheza. Nilijifuta uso kwa ncha ya mtandio. Kisha nikamuuliza, mlinzi akishafungua, ndani kuna nini.

“Kuna uwanja,” akasema. “Wewe uko pale, unakaanga ndagala wa ziwani. Unamwambia, Shafii, umekawia, njoo ule.”

Baadaye nilianza mchezo upya, nikachapa mwenyewe, haraka, na nilipofika kwa mzee sikumsalimu. Niliandika fungua lango, na lango likafunguka papo hapo. Ndani kulikuwa na chumba kitupu chenye sanduku la dhahabu, mistari miwili ya kunipongeza kwa Kifaransa, na chini yake neno “mwisho”. Ndiyo hayo tu tuliyokuwa tukiyafia kila Jumamosi. Niliizima kompyuta. Alichokiweka Shafii mle kilikuwa bora mara mia kuliko cha wenye mchezo.

Tulirudi nyumbani tukitembea mbali mbali. Njiani niliwaza kunyamaza. Ingekuwa rahisi: mama angebaki na mtoto, huyu angebaki na mama, na mimi ningebeba maiti wangu peke yangu. Lakini Shafii angebaki kulala kule bila kusomewa, kwa sababu ya raha yetu. Nilimkuta mama anachambua mchele. Nilikaa chini karibu naye nikamwambia kwamba Shafii amekufa, zamani, kambini, na kwamba huyu ni Maneno aliyekuwa naye.

Mama hakupiga yowe. Aliendelea kutoa vijiwe kwenye mchele, kidogo kidogo, mpaka akausukuma kando. Ndipo akamtazama Maneno, aliyekuwa amesimama nje ya mlango na mfuko wake begani, tayari kwenda asikokujua.

“Nani alimuosha mutoto wangu?”

“Imamu wa kambi,” Maneno akasema. “Mimi nilikuwa namwaga maji.”

Mama aliuliza kama maji yalikuwa ya kutosha. Maneno akasema kambi ilikuwa na shida ya maji siku zile, lakini yeye alichota akiba yake yote na ya hema la jirani. Mama akafunika uso kwa kanga, na sasa ndipo alipolia, kilio cha miaka yote aliyokataa. Alipomaliza alinituma msikitini nikaseme tuna hitima, na akamwambia kijana aweke huo mfuko chini, anauziba mlango.

Siku ya hitima uwanja ulijaa. Walikuja watu wa sokoni, wavuvi wa Magara waliomfahamu baba, hata majirani Wakristo walikaa ukutani wakiwa wametulia. Wanaume walipokwisha kusoma walianza kuinuka kutoa mkono wa pole, wakakuta mlangoni hapana mtu wa kuupokea, maana nyumba yetu haikuwa na mwanamume tena. Walisimama hivyo, kila mmoja akimtazama mwenzake. Mama akaita kutoka ndani, kwa sauti iliyofika kwa kila mtu, akimtaja kwa jina lake mara ya kwanza.

“Maneno, simama hapo. Ni ndugu yako.”

Akaja akasimama. Mzee wa kwanza alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia pole sana mwanangu, pole kwa kufiwa na ndugu yako. Maneno aliushikilia mkono ule, hakuuachia. Alikuwa amemzika Shafii akiwa yeye mwenyewe mtoto wa miaka kumi na moja, na katika miaka yote iliyopita hakuna mtu aliyewahi kumpa pole.