Mdudu Aliyeshika Nafasi ya Ulimi

Jana nililala nimechoka hoi, nikaota nipo kazini. Kazi yangu ni kuandika majina ya Kiswahili chini ya michoro ya kale ya wadudu wa baharini, wale wanaoishi kwa kunyonya viumbe wengine. Makumbusho yetu yana makabati saba ya michoro hiyo. Hata ndotoni sikupewa likizo.

Mchoro wa kumi na nne ni samaki chewa aliyefumbua kinywa. Ndani amekaa mdudu, pale panapopaswa kuwa na ulimi. Aliunyonya ulimi mpaka ukanyauka, kisha akashika nafasi yake. Pembeni wamemchora tena peke yake, na maandishi: "Amekuzwa mara ishirini."

Basi anatoka kwenye karatasi, amekuzwa mara ishirini, anakaa juu ya meza yangu.

"Mchoraji alinitoa kinywani, akanichora, akaenda zake," anasema. "Mwaka wa mia na hamsini huu sina pa kukaa. Ulimi wako una kazi?"

"Unayo, alasiri. Nakwenda kumposea mpwa wangu, Faki. Hii mara ya tatu. Wake wawili wa mwanzo aliwapiga wakarudi kwao, na mshenga nilikuwa mimi. Dada Mwanakheri, mama yake, akiniomba siwezi kukataa."

"Umechoka?"

"Nimechoka."

"Basi fumbua."

Nafumbua. Anapungua mpaka ukubwa wake halisi, anaingia kinyumenyume, kwa adabu. Hapaumi. Nahisi chumvi tu.

Droo ninayoifunga inakuwa mlango wa Bwana Makame, baba wa binti. Sebule nzima ni karatasi nyeupe. Kila mtu, kama kwenye michoro yetu, ana mstari mwembamba unaomtoka ubavuni kwenda kwenye herufi. Bwana Makame ni a. Mkewe ni b. Binti yao Rahika yuko nyuma ya pazia, na mstari wake haujafika popote.

"Karibu mshenga," anasema a. "Kijana wenu tabia zake vipi?"

Nasubiri kinywa kiseme kama siku zote: mpole, mtu wa swala tano. Mdudu anajinyoosha.

"Anapiga," anasema kwa sauti yangu. "Wa kwanza alimvunja mkono. Mshenga alijua, na bado akamsifu kwa wa pili."

Naona aibu, aibu kubwa, na chini ya aibu hiyo napumzika. Pazia linatikisika. Mama b anauliza kama nitakunywa kahawa.

Nikaamka, jua limeshapanda. Kwenye kioo ulimi wangu ulikuwa wa kawaida, mweupe kidogo. Nikajiambia ndoto ni ndoto, nikaanza kutafuta kanzu ya kwendea alasiri.

Ujumbe ukaingia kwenye simu, kutoka kwa Bwana Makame: "Ahsante kwa kutuambia. Rahika haolewi na huyo. Njoo uchukue viatu vyako, umeviacha barazani kwetu."

Nikatazama mlangoni. Viatu havikuwepo.

Nikavaa ndala, nikaenda kupiga hodi kwa dada Mwanakheri.

"Kaka, mbona hujajiandaa?"

"Dada," nikasema, "siendi."

Ulimi ulitetemeka, lakini ulikuwa wangu.